Mke wangu alinipima kwa simu akaniambia mimi ni "mkwepaji". Nikaufukua huo utafiti, nikajikuta nimefika Uganda

#1 Fundi Baridi

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mwezi wa tatu, saa tano na nusu usiku. Nipo sebuleni, kompresa ya friji ya mteja iko juu ya gazeti, mke wangu yupo chumbani na simu yake. Ya kwangu ikalia. Ujumbe unatoka chumbani, hatua tisa kutoka nilipokaa. Kufungua, nakuta picha ya majibu ya jaribio moja la mtandaoni, yale ya "jua wewe ni aina gani kwenye mapenzi". Alikuwa amejijazia yeye, halafu akanijazia na mimi. Yeye katoka "king'ang'anizi". Mimi nimetoka "mkwepaji", na chini yake maandishi mekundu: mkwepaji habadiliki, linda moyo wako. Ikafuata sauti ya sekunde nne: "Umeona sasa?"

Nikajibu "sawa", nikaendelea kukaza nati.

Ninyi mnaocheka, najua. Hilo "sawa" ndilo hasa alilokuwa analilalamikia. Ila usiku ule sikuliona. Nilichoona ni kwamba nimehukumiwa kwa karatasi ambayo sikuijaza. Siku mbili mfululizo nyumba ikawa ya "chakula kipo mezani" na "asante".

Mimi ni fundi friji, lakini kabla ya hapo nilisoma sosholojia chuo mpaka mwaka wa pili, ada ikakata. Kilichobaki kichwani ni mwalimu mmoja aliyekuwa akisema ukiletewa jibu, kwanza uliza swali lilikuwa lipi na aliulizwa nani. Basi nikaanza kuuliza. Hawa wakwepaji na ving'ang'anizi wametokea wapi? Nani aliwaona wa kwanza? Nilitegemea nitaishia California. Nimeishia Kampala.

#2 Jongoo la Mvua

Nimevuta kigoda. Tiririka mkuu.

#3 Bwashee Mstaafu

Kampala tena? Isije ikawa chai hii.

#4 Fundi Baridi

Si chai mkuu, weka sukari pembeni.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Mary Ainsworth. Mzaliwa wa Marekani, kakulia Kanada. Mwaka 1950 akahamia London, akapata kazi kwa daktari mmoja, John Bowlby, aliyekuwa anachunguza watoto waliotenganishwa na mama zao. Enzi zile wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu mama ana maziwa. Yaani mapenzi ni mazoea ya tumbo. Bowlby akasema hapana, mtoto anazaliwa na haja ya kushikamana na mtu, kama kifaranga anavyomfuata kuku, chakula kiwepo kisiwepo. Mary mwenyewe hakushawishika sana.

Mwaka 1954 mumewe akapata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, wakahamia Uganda. Na yeye hakukaa bure. Akatafuta familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya jirani na Kampala, akawa anawatembelea kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila safari, kwa miezi kama tisa. Anafika mchana, muda ambao wanawake wa Kiganda walikuwa wanapokea wageni. Anakaa sebuleni, mkalimani pembeni, mtoto anatambaa chini. Maabara ilikuwa ni hiyo sebule.

Alichokiona, mtu yeyote aliyelea amekiona, tofauti ni kwamba yeye alikiandika. Mtoto anatambaa kumwacha mama, anafika mbali kidogo, anageuka kumtazama, anarudi anamgusa, anaondoka tena. Mama ni gati, mtoto ni ngalawa. Mgeni akiingia, ngalawa inarudi gatini haraka. Hilo la maziwa halikuweza kulieleza. Kwa hiyo aliyekwenda Uganda na mashaka akatoka huko akimkubali Bowlby.

Aliwagawa watoto mafungu matatu: waliotulia kwa mama zao, waliokuwa na wasiwasi hata mama akiwa karibu, na wale ambao bado hawajaonyesha kumshika mtu. Halafu akatafuta ni nini kilichotofautisha mama zao. Moja ya vitu vilivyojitokeza nimekisoma mara tatu. Mama aliyekuwa na mengi ya kumsimulia mgeni kuhusu mtoto wake, anapenda nini, kaanza lini kufanya hivi, leo kaamkaje, mara nyingi ndiye mwenye mtoto aliyetulia. Haikuwa suala la kumbeba muda mrefu zaidi. Alikuwa anamwangalia.

Nikajiuliza, mgeni akija leo sebuleni kwangu aniulize habari za mke wangu kwa saa mbili, mimi ningesimulia nini? Nina uhakika dakika kumi za kwanza ningezimudu.

#5 Mwalimu wa Chekechea

Mleta mada umenigusa panapowasha. Nina darasa la watoto 22, umri miaka mitatu hadi minne. Wazazi wote wanaogopa kilio cha asubuhi getini. "Mwalimu, huyu analia, hana raha shuleni." Miaka 11 ya kazi imenifundisha kwamba kilio cha asubuhi hakiniambii kitu. Mimi naangalia saa saba mchana, mama akija kuchukua.

Nina mmoja mwaka huu. Asubuhi halii kabisa, wenzake wanamsifu. Mchana mama akitokea mlangoni, yeye anaendelea kupanga vifuniko vya soda. Hageuki. Ukimwangalia usoni utasema huyu hajali. Ukimwangalia mikono, vifuniko vimesimama. Kashika kimoja, hakiweki chini, hakiinui.

#6 Fundi Baridi

Mwalimu, umesema kwa mistari kumi kitu kilichowachukua wao miaka.

Ainsworth baada ya Uganda alihamia Baltimore, Marekani. Akachukua tena familia 26, safari hii watu wenye uwezo wa kati, akawatembelea mwaka mzima wa kwanza wa mtoto, takriban saa 72 kwa kila familia. Tatizo likawa moja: watoto wa Baltimore nyumbani kwao hawakujali sana mama akitoka chumba kimoja kwenda kingine. Wameshazoea. Wale wa Uganda mama akiinuka tu wanamfuata. Ndipo akabuni kile chumba maarufu. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia, kuna midoli, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Dakika ishirini na kitu, imekwisha.

Watu wengi hudhani wanapima nani kalia mama akiondoka. Wanapima mama akirudi. Wengi, kama theluthi mbili, wanamkimbilia, wanabembelezwa, wanarudi kucheza. Wachache wanamng'ang'ania huku wanampiga mateke, hawabembelezeki. Na wengine wanageukia midoli kama vile mama hakuingia. Hao ndio wakwepaji. Kwa hiyo rasmi mimi si wa Kampala, nimezaliwa Baltimore.

Sasa vile vifuniko vya soda. Mwaka 1977 watafiti wawili, Sroufe na Waters, waliwapima hao watoto wasiogeuka mapigo ya moyo. Uso umetulia, mikono iko kwenye midoli, moyo unakwenda mbio. Baadaye wengine wakapima homoni ya msongo kwenye mate, nayo ilikuwa imepanda. Mtoto hakuwa ameacha kujali. Alikuwa amejifunza kutoonyesha.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nikakumbuka nati niliyokuwa nakaza usiku ule. Haikuhitaji kukazwa.

#7 Nyota ya Jaha

Aisee. Nimesoma hapo kwa kunyamaza.

#8 Bwashee Mstaafu

Mimi sijanyamaza. Naona wazungu wamekuja Uganda, wakatazama watoto wetu, wakaenda kutengeneza kipimo kwao, sasa kinarudi kwetu kwa simu kama mtumba. Bibi zetu walilea bila kipimo. Mtoto wa Kiafrika hafungiwi chumba kimoja na mdoli. Kumpima mkeo au mumeo kwa chumba cha Baltimore ni kupima unga wa sembe kwa futi kamba.

#9 Fundi Baridi

Babu, shikamoo. Hapo una haki kubwa kuliko unavyodhani, na hata wenyewe wamegombana sana juu ya hilo.

Ujerumani kaskazini, mji wa Bielefeld, walipoweka watoto kwenye kile chumba karibu nusu walitoka wakwepaji. Je, wazazi wa kule hawapendi watoto? Hapana, kule mtoto anafundishwa mapema kujitegemea, kutolialia ni sifa. Japani, mji wa Sapporo, hawakupata mkwepaji hata mmoja, ila walipata wengi wasiobembelezeka, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja kule karibu hajawahi kuachwa peke yake, kile chumba kwake ni kama ajali. Mwaka 1988 Waholanzi wawili wakakusanya tafiti 32 kutoka nchi nane, watoto karibu 2,000. Wakakuta tofauti zilizomo ndani ya nchi moja ni kubwa mara moja na nusu kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Maana yake hata kusema "Wajerumani wako hivi" inakatika.

Halafu kuna watoto wa Kinso, Kamerun kaskazini magharibi. Kule mama anataka mtoto mtulivu anayebebeka na yeyote. Walipowapima watoto wa mwaka mmoja kwa mgeni wasiyemjua, wengi hawakushtuka. Ukitumia karatasi ya Baltimore utasema hawajali. Ukiishi kwao utaona wamelelewa na kijiji kizima, mgeni si habari.

Lakini nililotaka ulisikie babu ni la Kisii. Mwaka 1986 Kermoian na Leiderman walichapisha utafiti wa watoto 26 wa Wagusii, Kenya. Walikuta kule mama akirudi hamkumbatii mtoto. Anampa mkono. Ndiyo, mtoto wa mwaka mmoja anasalimiwa kwa mkono kama mtu mzima. Wakabadilisha kipimo, wakaacha kutazama nani kakumbatiwa, wakatazama mkono. Mtoto aliyetulia ananyoosha mkono kwa hamu. Mwenye wasiwasi anasita, ananyoosha halafu anarudisha. Asilimia 61 wakatoka watulivu kwa mama zao, si mbali na theluthi mbili ya Baltimore. Walipojua salamu ya pale ni ipi, kipimo kikafanya kazi.

#10 Ndizi ya Nyamira

Jamani, mimi nimetoka huko. Nyanya yangu hakuwahi kunikumbatia hata siku moja, na sijawahi kuwaza kwamba hanipendi. Nikitoka shule ya bweni namkuta ameketi nje anachambua mboga. Anapangusa mkono wa kulia kwa leso, polepole, kidole kwa kidole, ndipo ananipa. Kisha hauachilii. Anaendelea kuuliza habari za masomo mkono wangu ukiwa ndani ya wake mpaka jasho. Mtu wa Nairobi akiona anasema hawa watu ni baridi.

#11 Jongoo la Mvua

Huyo bibi anaweza kuongezewa mshahara.

#12 Fundi Baridi

Asante sana wa Nyamira.

Sasa tumetokaje kwa mtoto wa mwaka mmoja tukafika kwa mimi mwenye miaka 38 na kompresa? Hapa ndipo nilipokasirika kidogo.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliwaza kwamba mapenzi ya watu wazima huenda yanafanana na yale ya mtoto na mama. Wazo zuri. Wakaandika aya tatu fupi. Moja inasema kuwa karibu na mtu ni rahisi kwangu. Ya pili, sipendi mtu anisogelee mno. Ya tatu, wenzangu hawanisogelei kama ninavyotaka. Chagua moja. Wakaichapisha kwenye gazeti la mjini pale, Rocky Mountain News. Majibu 620 ya kwanza ndiyo waliyoyachambua: asilimia 56 watulivu, 25 wakwepaji, 19 ving'ang'anizi. Makala ikatoka mwaka 1987, na ndiyo mama wa majaribio yote mnayoyaona kwenye simu.

Oneni kilichotokea. Kampala walitazama watu wawili kwa miezi tisa. Baltimore walitazama watu wawili wakikutana tena. Denver mtu mmoja anachagua aya gazetini akiwa na kahawa. Na kwangu, mke wangu akanichagulia. Siwalaumu wale wa Denver, walisema wazi ni hatua ya kwanza. Ila kitu kilichoanza kama picha ya wawili kikageuka jina la mtu mmoja.

Kwa lugha ya kazi yangu. Ukija na friji haipoozi, sikuambii "friji yako ni aina ya wavivu". Nafunga geji mbili, ya presha ya chini na ya juu, nasoma. Na usomaji wa saa sita mchana na wa alfajiri haulingani, joto la nje linaingia. Watafiti wenyewe walifika huko. Mwaka 1998 wakatoa dodoso la maswali 36 lenye geji mbili tu: hofu ya kuachwa, na kutopenda kusogelewa. Kila mtu ana namba kwenye zote mbili, hakuna maboksi. Na mtu huyohuyo anaweza kusoma juu kwa mumewe, chini kwa dada yake, katikati kwa bosi. Sasa "habadiliki" ya maandishi mekundu imetoka kwa mtafiti gani? Sijamwona.

#13 Nesi wa Zamu

Mkuu uko vizuri, ila usije ukatumia utafiti kujitoa hatiani. "Sawa" bado ni "sawa".

Mimi nimesoma zaidi kazi za John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Alikuwa na nyumba ndogo ya utafiti, wanandoa wanakaa humo kama wako likizo, kamera zinawatazama. Alihesabu vitu vidogo: mmoja anasema "ona ile boti", mwenzake anageuka au hageuki? Kwa hesabu zake, wanandoa wapya waliokuwa bado pamoja baada ya miaka sita walikuwa wakigeuka asilimia 86 ya wakati. Walioachana, 33. Hakuna aliyekuwa anaongelea mambo mazito. Ni boti.

Kutuma picha kutoka chumbani saa tano usiku ni "ona ile boti", shemeji. Imefungwa vibaya, nakubali, imefungwa kwa matusi kidogo. Lakini ni boti.

#14 Fundi Baridi

Nesi, umenipiga bila ganzi.

Nakubali la boti. Na la hatia pia. Naongeza tahadhari moja kuhusu Gottman: zile habari kwamba anaweza kutabiri talaka kwa asilimia 90 na kitu, wakosoaji walionyesha kwamba fomula ilitengenezwa kwa kutumia wanandoa ambao mwisho wao ulishajulikana. Ukishajua mechi iliishaje, kutabiri ni rahisi. Kugeuka kutazama boti sina ugomvi nako.

#15 Kijana wa Sinza

Na ile ya mtoto anaachwa na peremende, asiyekula anakuja kuwa tajiri? Mchungaji wetu anaihubiri kila mwaka.

#16 Fundi Baridi

Hiyo ni uzi mwingine, nakupa kwa haraka. Walter Mischel, mwanasaikolojia wa Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto akisubiri bila kula, anaongezewa ya pili. Watoto wa chekechea ya chuoni, yaani watoto wa maprofesa na wenzao. Mwaka 2018 wakarudia kwa watoto zaidi ya 900 wa aina mbalimbali. Nguvu ya kutabiri maisha ya baadaye ikashuka nusu, na ukihesabu hali ya nyumbani, kipato na elimu ya mama, sehemu kubwa ya iliyobaki inayeyuka. Kabla ya hapo, mwaka 2013, pale Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa watoto mtu mzima aliyeahidi rangi nzuri za kuchorea halafu akarudi mikono mitupu. Hao hawakusubiri, wastani dakika tatu. Wale ambao ahadi yao ilitimizwa walisubiri dakika 12. Sasa mwenye tatizo la subira ni nani, mtoto au aliyeahidi?

Na wale Wanso tena. Waliwaweka watoto wa miaka minne mbele ya pafupafu, andazi lao la duara, hapa tungesema kaka yake kalimati. Karibu asilimia 70 walisubiri dakika zote 10. Watoto wa Kijerumani hawakufika 30. Wengine wa Kinso walisinzia mbele ya andazi. Mwambie mchungaji.

#17 Bwashee Mstaafu

Hapo sasa umeongea. Kusinzia mbele ya andazi! Hao ni wajukuu zangu.

#18 Nyota ya Jaha

Shem anasemaje lakini? Umetuacha sebuleni.

#19 Fundi Baridi

Nilimweleza jikoni, si kwa siku moja. Nilianza na habari ya mama wa Kiganda anayesimulia. Nikamwomba tujaze upya lile jaribio, safari hii kila mtu ajijazie mwenyewe kwanza, halafu tubadilishane. Swali la saba tuligombana, tukalifuta. La kumi na moja alicheka. Mengine yabaki ya ndani.

Nilipomsimulia ya Wagusii aliipenda mno. Siku hizi nikirudi na begi la vifaa ananisubiri mlangoni, ananipa mkono, "karibu bwana fundi", uso mkavu kabisa kama mwenyekiti wa mtaa. Na mimi nasimama napokea mkono na uchafu wangu wa grisi. Watoto wanatuona tumechanganyikiwa.

#20 Mtoto wa Bibi

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Nina swali, mnivumilie.

Mama aliniacha kwa bibi nikiwa na miaka miwili, akaenda mjini kutafuta. Nilirudi kwake nikiwa na tisa. Sasa nina 31, nimeachana na mtu wa tatu, na wote watatu wamesema kitu kilekile, kwamba mimi sipo hata nikiwepo. Kwa haya mliyoandika, mimi niliharibika pale kwenye miaka miwili? Naomba jibu la utafiti, si la kunifariji.

#21 Fundi Baridi

Ndugu yangu, pole na asante kwa kuandika. La utafiti ninalo.

Kwanza, hesabu ya mama mmoja peke yake haikuwa sahihi hata tangu mwanzo. Ainsworth mwenyewe aliona Uganda watoto wakimshika na mtu mwingine pia, si mama tu. Kuna Waefe, msitu wa Ituri, Kongo. Watafiti waliwafuatilia miaka ya 1980. Mtoto wa miezi minne anashinda zaidi ya nusu ya mchana mikononi mwa watu wengine, na wanawake wengine wanamnyonyesha. Kwa hiyo kulelewa na bibi peke yake si kidonda. Swali ni bibi alikuwaje, na kuondoka kwa mama kulikuwaje.

Pili, kudumu. Mwaka 2000 zilitoka tafiti mbili katika jarida moja. Moja ilifuatilia watoto wa familia zenye nafuu miaka 20 baadaye: asilimia 72 walibaki upande uleule, na waliobadilika mara nyingi walikuwa wamepitia jambo kubwa, kifo cha mzazi, talaka, ugonjwa. Nyingine, Minnesota, ilifuatilia watoto waliozaliwa kwenye umaskini. Kule uhusiano kati ya utoto na ukubwa karibu haukuonekana, maisha yalikuwa yameyumba mno kuweza kubaki palepale. Kwa hiyo siwezi kukuambia miaka miwili haina kitu, wala siwezi kukuambia ilimaliza kila kitu. Hakuna utafiti niliousoma unaompa mtu wa miaka 31 hukumu ya alipokuwa na miwili.

Wale watatu waliokuambia haupo walikuwa wanaona uso. Moyo hawakuupima.

#22 Mwalimu wa Chekechea

Mdogo wangu, naomba nikuulize mimi kitu, si cha utafiti. Mama akija kukuona kwa bibi, ulikuwa unafanya nini?

#23 Mtoto wa Bibi

Alikuwa anakuja Krismasi. Basi linashusha barabarani, tunaona toka mbali mtu anapanda na mzigo. Watoto wengine wa ukoo wanakimbia. Mimi naenda nyuma ya banda la kuku, nakaa huko mpaka amalize kusalimiana na bibi. Halafu natoka, simwangalii, nachukua begi lake naingiza ndani.

Mpaka leo nikimpokea stendi nafanya hivyohivyo. Begi kwanza.

#24 Mwalimu wa Chekechea

Na yeye anakupa hilo begi?

#25 Mtoto wa Bibi

Ananipa. Ila huwa anashikilia mkanda kidogo kabla hajaachia.